Gari la Chama Likichakaa: Litengenezwe au Liuzwe?

Msimu wa kununua mazao unapokaribia, baadhi ya vyama hujikuta na gari lisilotembea wala lisilouzwa. Limeegeshwa nyuma ya ghala, Bodi imegawanyika, na wanachama wananung'unika. Wako wasemao lipelekwe gereji kwa mara moja ya mwisho, na wako wasemao limekwisha kula fedha ya chama kupita kiasi. Wakati huo huo mazao yanasubiri vituoni, na mwanachama aliyechoka kusubiri humwuzia mlanguzi.

Ndugu Katibu, unapoandaa taarifa ya jambo hili kwa Bodi, anza kwa kuweka kando fedha iliyokwisha kutumika. Mkutanoni utasikia, "Mwaka jana tumeweka giaboksi mpya, tutaliuzaje sasa?" Fedha ya giaboksi hairudi kwa kulitengeneza gari, sana sana itaongeza kidogo bei ya kuliuzia. Kinachotakiwa kujulikana ni gharama ya gari hilo kuanzia leo na kuendelea.

Pili, tenganisha uchakavu wa kawaida na ubovu wa mwili. Tairi, betri, breki, klachi na springi huisha katika gari lolote, hata jipya, kwa hiyo si sababu ya kuliuza. Injini inayotoa moshi wa buluu inaunguza oili, mara nyingi kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Mafundi wetu hulimudi tatizo hilo. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, na huenda ni gasketi tu. Lakini chesisi iliyopasuka au kuliwa na kutu ni habari nyingine. Injini mpya juu ya chesisi iliyooza ni fedha iliyotupwa, na roho za watu zimo hatarini.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa chama chenye pikapu ambayo mwaka uliopita ilitumia vipuri na ufundi wa Sh. 3,800,000. Ililala gereji siku 47, na chama kikakodi gari kwa Sh. 60,000 kwa siku, yaani Sh. 2,820,000. Jumla ni Sh. 6,620,000, mbali na mafuta na mshahara wa dereva. Makatibu wengi huandika ile tarakimu ya kwanza na kuisahau ya pili, kwa kuwa fedha ya kukodi imeingizwa katika fungu la usafirishaji wa mazao.

Chama hicho kikifufua injini kwa Sh. 4,500,000 ili gari litumike miaka 3, kila mwaka utabeba Sh. 1,500,000. Ongeza matengenezo mengine Sh. 2,000,000, siku 10 za kukodi Sh. 600,000, na kushuka kwa bei ya gari lenyewe Sh. 1,000,000. Gharama ya mwaka ni Sh. 5,100,000.

Kikinunua jingine kwa Sh. 32,000,000, likatumika miaka 8 na kuuzwa Sh. 8,000,000, kila mwaka utabeba Sh. 3,000,000. Matengenezo tuseme Sh. 1,000,000, na nyongeza ya bima kubwa Sh. 1,000,000. Jumla ni Sh. 5,000,000, na hapo wengi husimama wakapiga makofi. Lakini fedha yatoka wapi? Gari kuukuu likiuzwa Sh. 6,000,000, zinabaki Sh. 26,000,000 za kukopa. Kwa riba ya asilimia 15, mwaka wa kwanza peke yake riba ni Sh. 3,900,000, na gharama inapanda hadi Sh. 8,900,000. Tena mkopo wenyewe sharti uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis.

Kwa maoni yangu, chama cha namna hiyo kitengeneze, mradi chesisi ni nzima. Chesisi ikiwa mbovu, kiuze na kukodi kwa msimu mmoja kuliko kukimbilia mkopo. Chama chenye kazi ya gari miezi mitatu tu kwa mwaka kijiulize hata kama kinahitaji gari.

Tarakimu hizi zitapatikana kwa wale tu wenye daftari la gari linaloonyesha kilomita, mafuta, kila kipuri na kila siku ya kulala. Ripoti ya ubovu isitoke kwa fundi yule yule atakayepewa kazi. Mlipeni fundi mwingine alipime gari. Vipuri vya zamani virudishwe chamani na kuandikwa. Dereva asikilizwe, kwani analijua gari kuliko wote, ila naye hupenda gari jipya.

Katika mfano wetu, tofauti ya njia hizo mbili ni Sh. 3,800,000 kwa mwaka wa kwanza. Bodi iliyochagua kutengeneza iombe Mkutano Mkuu uiweke fedha hiyo katika akaunti ya akiba ya uchakavu, isiguswe kwa posho wala safari. Kiasi hicho kikiwekwa kila mwaka, baada ya miaka 3 zitakuwapo Sh. 11,400,000 bila kuhesabu riba ya benki, na mkopo wa gari lijalo utapungua kwa kiasi hicho.