Jani la uani ni nduguye mafunjo

Msomaji, kila kimeacho uani kwako usikiite nyasi. Chuma bua moja la ndago, ulivingirishe kati ya vidole viwili. Likiwa na pembe tatu, na njiani hukuti vifundo, basi hiyo si nyasi. Shina la nyasi halisi aghalabu ni la mviringo, lina vifundo, na mara nyingi ndani ni tupu kama mwanzi.

Mkulima wa mahindi au miwa anaijua tofauti hii kwa uchungu. Dawa zilizotengenezwa kuua nyasi peke yake kwa kawaida haziidhuru ndago. Jembe nalo huizidisha, kwani chini ya udongo ina viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Ukiukata uzi huo, kila kiazi chaweza kuchipua kivyake. Pesa zimekwenda, ndago ipo.

Jamaa ya ndago ina spishi zipatazo 5,500 duniani. Mkubwa wao kwa sifa ni mafunjo, yale yanayoota Naivasha na katika kinamasi cha Yala, ambayo hufumwa mikeka na ambayo Wamisri wa kale waliyageuza kuwa karatasi. Hupita mita nne kwa urefu. Mwaka 1753, Carolus Linnaeus wa Uswidi aliyaweka mafunjo na ndago katika kundi moja, Cyperus. Si rahisi kuamini kwamba mti mrefu hivyo wa majini na gugu la shambani ni ndugu, lakini alipatia.

Shida ilikuja baadaye. Maua ya jamaa hii hayana petali za kupendeza, maana mengi huchavushwa na upepo. Wataalamu wakabaki kupambanua kwa vitu vidogo mno: umbo la kokwa, idadi ya nyuzi zinazodaka chavua, wingi wa matunda katika kishuke. Lile jani fupi lenye kichwa kidogo cha mviringo, uliloliona mara nyingi penye unyevu, lilitengwa mwaka 1773 likapewa kundi lake, Kyllinga. Mengine yakafuata, mathalani Pycreus na Ascolepis.

Kisha zikaja chembe za urithi, yaani DNA. Katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, Isabel Larridon na wenzake walilinganisha chembe hizo kutoka spishi nyingi. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hata jani lililokaushwa na kuhifadhiwa miaka mingi huweza kutoa DNA. Waligundua kwamba Kyllinga na wenzake hawako nje ya Cyperus. Wamo ndani kabisa, katika tawi lile lile la mafunjo na ndago. Ni kama nyumba yenye watoto sita, wawili wakapewa jina la ukoo mwingine kwa kuwa ni wafupi.

Kumbe dalili ilikuwepo ndani ya jani. Tawi hilo lote hunasa hewa ya kaboni kwa njia inayofaa penye joto na jua kali, sawa na ifanyavyo mahindi na miwa, na mpangilio wa chembe za jani lake huonyesha hivyo chini ya hadubini. Udogo wa maua ndio uliowapoteza watu, kwani ulijitokeza zaidi ya mara moja katika ukoo huo.

Mwaka 2014 makundi hayo matatu yakarudishwa rasmi ndani ya Cyperus, ambalo sasa lina spishi zaidi ya 900. Wapo walionung'unika, nami nawaelewa: kundi kubwa hivyo ni mzigo kwa mwanafunzi, na Kyllinga hutambulika kwa jicho tu. Lakini jina linaloficha nasaba lina hasara yake pia.

Kwa mwanafunzi, usumbufu upo mezani. Kitabu cha jamaa hii katika mfululizo wa mimea ya Afrika Mashariki ya tropiki kilitoka 2010, kabla ya mabadiliko, na bado kina majina ya zamani. Basi ukitafuta habari za gugu liitwalo Kyllinga brevifolia, tafuta pia Cyperus brevifolius. Ni mmea ule ule, na nusu ya yaliyoandikwa juu yake huenda iko chini ya jina lile jingine.