Ununue laptopu ya nguvu ama ukodishe nguvu?

Pesa za HELB zimeingia na wewe uko Kenyatta Avenue, Nakuru, umeganda mbele ya kioo cha duka. Ile laptopu ya bei ya chini ina RAM ya GB 4. Ile unayoitaka kweli, yenye GPU ya kuchezea gemu na kutengeneza katuni za 3D, itameza kodi ya miezi kadhaa kule Njoro. Muuzaji ashakusoma. "Boss, chukua hii, ndiyo mashine."

Ngoja kwanza. Nyumbani mkitaka unga, huwa mnanunua kinu? Mama hubeba gorogoro zake za mahindi hadi posho mill, anasagiwa, analipa, anarudi. Kinu kimoja kinasagia mtaa mzima.

Kompyuta nazo zilipitia hapo. Mwaka wa 1961, chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Ujanja ni huu: mashine ina kasi, binadamu ana mwendo wa kobe. Ukiwaza herufi ya kubonyeza, inamhudumia mwenzako, halafu inarudi kwako kabla hujashtuka. Mwaka huo huo, mtaalamu John McCarthy alisema huenda siku moja nguvu za kompyuta zikawa huduma ya umma kama simu.

Baadaye kompyuta zikawa ndogo na kila mtu akataka yake. Sasa tumerudi posho mill. Google Colab hukupa GPU ya bure ndani ya kivinjari. Kama uko Egerton na unafunza programu kutambua magonjwa kwenye majani ya mahindi, hata ile laptopu ya GB 4 itakutosha, maana kazi ngumu inafanyiwa mbali.

Lakini cha bure kina masharti. Siku nyingine GPU hupati. Muda wa juu kabisa ni saa 12, na ukiuacha ukurasa umelala unakatwa. Kama hukuhifadhi kazi, imeenda. Tena kupakia maelfu ya picha za majani kunakula bando, na mtandao ukipotea unabaki kutazama skrini. Mwenye laptopu yake na betri nzima anaendelea kuandika hata stima zikienda.

Kuna pia suala la siri. Wale wa saiba mnalijua: unaingia eCitizen, unachapisha fomu, unakimbilia matatu, unasahau kutoka kwenye akaunti. Anayekalia kiti chako anakuta kitambulisho chako wazi.

Kumbe hii biashara ya kugawana nguvu inaweza kutua kwetu. Mei 2024, Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni 1, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria, kitumie umeme wa mvuke. Olkaria ni Naivasha, kaunti yetu hii hii. Kituo kikiwa karibu, data husafiri umbali mfupi na majibu huja haraka. Bei ndiyo ya kuangalia, kwa sababu huduma nyingi za aina hii hulipishwa kwa dola na kwa kadi, na wewe una M-Pesa na shilingi.

Mimi ningefanyaje? Kama unahariri video kila siku na ndiyo inakulisha, nunua mashine kubwa. Kukodisha kila saa kutakumaliza. Kama kazi nzito inakuja mara mbili kwa muhula, usijitie deni. Rudi kwa yule muuzaji umuulize kama ile ya GB 4 inaweza kuongezwa RAM. Akisema ndiyo, mwambie aifungue uone nafasi yenyewe kabla hujatoa simu kulipa.