Alinunua Gemu kwa Pesa ya Kibubu, Kumbe Amekodi!

Mume akianza kubadilika, wengi wetu tunawaza nyumba ndogo. Wa kwangu wala hakuwa na dalili hizo. Alikuwa anarudi mapema, anakula, anamsaidia Junior kazi za shule, halafu anakaa na laptopu mpaka saa sita usiku akicheza gemu. Mashoga zangu wakawa wananiambia, “Mwenzetu una bahati, wa kwako yupo ndani.” Na mimi nikaamini, mpaka Jumapili ya Mei 12, 2024.

Tunaishi Changarawe, jirani kabisa na Chuo Kikuu Mzumbe, kilometa ishirini na kitu kutoka Morogoro mjini. Mimi nilikuja hapa kusoma, nikitokea Tukuyu. Chuo nikamaliza, kurudi nyumbani nikashindwa: nilishaolewa na Mluguru. Nikafungua steshenari ndogo ya kutoa kopi na kuprinti. Laptopu ni moja: mchana ya dukani, usiku ya Baba Junior.

Jumapili hiyo nyaya mbili kubwa za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Mtandao ukayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mimi nipo jikoni nasonga ugali, nikamsikia mwenzangu anafoka sebuleni:

“Haiwezekani! Nimelipa laki na themanini nzima, halafu inaniambia niunganishe mtandao ndiyo ifunguke?”

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

“Laki na themanini ipi, Baba Junior?”

Kimya.

Msomaji wangu, kile kimya kilinijibu. Nilikwenda chumbani, nikatoa kibubu chetu chini ya kitanda. Kilikuwa chepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Ile ilikuwa ada ya Junior ya muhula wa Julai. Miezi mitatu mwenzangu alikuwa anachokonoa noti moja moja, anaziweka kwenye simu, ananunua gemu. Na sasa hata hizo gemu zenyewe hazifunguki!

MJOMBA ALIULIZA SWALI MOJA

Siku tatu hatukuongea zaidi ya “chakula kipo mezani.” Ya nne akapita mjomba wake, kaka wa mama mkwe. Yeye ni mkulima wa mboga kule Mgeta, na akitoka kuuza soko la Chifu Kingalu mjini, hukata kona pale Sangasanga kuja kutusalimia kabla ya kupanda mlima. Kwa Waluguru ukoo unafuata kwa mama, na ardhi ya ukoo nayo hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo mjomba akikaa kitako kwenye kiti, ujue kikao kimeanza.

Akatusikiliza wote wawili bila kumkata mtu. Kisha akamgeukia mpwa wake.

“Mjomba, hicho kitu umekinunua?”

“Nimekinunua, mjomba.”

“Ni chako?”

“Ni changu.”

“Sasa mbona unaomba ruhusa ya kukitumia?”

Baba Junior akaanza kueleza habari za akaunti na seva. Mzee akatikisa kichwa.

“Basi hukununua, umekodi. Shamba la kukodi, mwenye shamba akisema toka, unatoka na jembe lako tu. Kukodi si dhambi. Ila umemwambia mkeo kwamba unakodi? Wewe mwenyewe ulijua?”

Hakujua. Na mimi nilikuwa sijui. Hasira yangu ya pesa haikuisha siku ile, nisikudanganye. Lakini lile swali lilinikaa kichwani, na mtandao ulipotulia nikaanza kuchimba.

HILO KUFULI NI KITU GANI?

Gemu nyingi za kompyuta zinazouzwa mtandaoni zinakuja na kufuli la kuzuia watu wasizinakili. Wenyewe wanaliita DRM. Kufuli hilo linaweza kuwa programu inayohakiki akaunti yako kila ukifungua gemu, au inayodai intaneti muda wote.

Shoga yangu, unamjua yule mwanaume anayekupigia kila nusu saa, “Uko wapi? Uko na nani? Hebu washa video nione”? Kufuli hili ndiyo yeye. Hujakosa lolote, lakini kila siku unathibitisha upya kwamba wewe ni mwaminifu.

Tusiwaonee wafanyabiashara, sababu wanayo. Nani katika rika letu hajaona CD za kuchoma, au PS2 iliyofunguliwa ili isome diski feki? Mwenye kazi yake alikuwa haambulii hata senti. Tatizo ni kwamba mwizi akishalivunja kufuli anacheza kwa raha zake, na anayebaki kugonga mlango ni yule aliyelipa.

Na duka au kampuni ikiamua kufunga kabisa, je? Gemu ya magari inayoitwa The Crew ilitolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2014. Machi 31, 2024 seva zake zikazimwa, na hata mtu aliyeinunua kwa pesa yake hakuweza kuicheza tena. Wachezaji walikuja juu, ikaanzishwa kampeni ya Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 walishapata saini zaidi ya milioni 1 huko Ulaya. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria mwaka 2024: duka likikuuzia leseni tu, halafu likakuandikia “nunua”, lazima likueleze wazi kwamba ni leseni. Lile swali la mjomba, neno kwa neno!

NILIVYOYAPITIA MADUKA

Nilijiuliza kitu kimoja kwa kila duka: leo mtandao ukikatika, au duka likifungwa, mkononi mwangu kitabaki nini?

GOG. Hili lilianzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, kwa kuuza gemu za zamani. Leo lina za zamani na mpya, zikiwemo The Witcher 3 ya 2015 na Cyberpunk 2077 ya 2020. Msimamo wake ni kuuza gemu zisizo na kufuli. Ukilipa unapakua faili la kusakinisha, unaliweka kwenye flashi au diski ya nje, na siku yoyote unalisakinisha bila intaneti. Programu yao ya Galaxy ipo, lakini si lazima. Ukijuta kununua, una siku 30 za kuomba pesa yako, kwa masharti yao. Je, ni malaika? Hapana. Mwaka 2021 waliweka gemu ya Hitman ambayo sehemu zake zilidai mtandao. Wateja wakawaka, na Oktoba mwaka huohuo wakaitoa. Kwangu hiyo ni alama nzuri: mteja alipolalamika alisikilizwa.

itch.io. Lilianza 2013, na ni kama gulio. Watengenezaji wadogo wadogo wanapanga bei wenyewe, na hata asilimia ambayo duka litakata wanaichagua wao. Gemu nyingi ni za bure, nyingine unalipa unachojisikia. Mara nyingi unapata faili lako moja kwa moja, na gemu nyingi ni ndogo, kwa hiyo bando linapumua. Juni 2020 waliuza fungu moja la kuchangia haki za watu weusi: kuanzia dola 5 ulipata kazi zaidi ya 1,500, na zikapatikana zaidi ya dola milioni 8. Ubaya wa gulio unaujua: nyanya nzuri na mbovu ziko meza moja. Soma maelezo kwanza. Na wewe mzazi, usimwache mtoto azurure humo peke yake, kuna gemu za watu wazima.

Humble Bundle. Walianza 2010 na mafungu ya gemu zisizo na kufuli, unalipa utakavyo na sehemu inakwenda kwenye misaada. Sifa yao ilijengwa hapo. Lakini siku hizi mafungu yao mengi yanakupa namba za kufungulia gemu kwenye Steam. Kwa hiyo usinunue kwa sifa za zamani. Angalia kila gemu imeandikwaje.

Steam. Hili ni duka la Valve ya Marekani, lililoanza 2003, na ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Gemu ni nyingi na punguzo la bei si la kubahatisha. Lakini unahitaji programu yao ili kupakua, na tangu Oktoba 2024 wanakuambia wazi unapolipa kwamba unanunua leseni. Wana njia ya kucheza bila mtandao, ila unapaswa kuiandaa mapema, wakati mtandao upo, na si kila gemu inaikubali. Zipo gemu za Steam zisizo na kufuli, lakini hiyo si ahadi ya duka.

Ukiniuliza mimi wa Changarawe, nafasi ya kwanza naipa GOG, ya pili itch.io. Lakini kama gemu unayoitaka ipo Steam tu na unajua unachokifanya, nunua. Jua tu kwamba umekodi.

TUKANUNUA MOJA, PAMOJA

Tulikubaliana dola 15, kama shilingi elfu 40 hivi, na safari hii mimi ndiye niliyeshika simu ya kulipia. Tukachagua Stardew Valley kutoka GOG. Ni gemu ya kulima: unarithi shamba la babu, unapanda, unafuga, unavua samaki, hata kuoa unaoa. Aliitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, akaitoa mwaka 2016. Niliipendea mambo mawili. Kwanza ni nyepesi: inahitaji kama megabaiti 500 tu, na laptopu yetu ya kizee inaimudu. Cyberpunk inataka zaidi ya gigabaiti 70. Kwa bando letu hiyo ni ada nyingine ya Junior! Pili, tangu Desemba 2020 watu wawili wanaweza kucheza kwenye skrini moja iliyogawanywa, mmoja akiwa na pedi.

Tuliipakua usiku kwa bando la usiku. Kisha nikafanya jaribio. Nikazima intaneti, nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya zamani ya dukani, nikasakinisha. Ikafunguka. Baba Junior akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili.

Siku hizi umeme ukikatika tunacheza mpaka betri iishe. Mjomba alitukuta siku moja, akatazama zile mboga zinazoiva kwa siku nne, akasema, “Mbegu hizo mngeniletea Mgeta.”

Nisikufiche lakini. Ada ya Julai tuliilipa kwa mkopo wa kikoba, na Baba Junior akauza simu yake ya pili. Deni tulilimaliza Oktoba. Zile gemu za laki na themanini zilifunguka mtandao uliporudi, na bado zipo kwenye akaunti yake. Sijamwambia azifute. Nilichomwambia ni kwamba kilichoniuma kuliko pesa ni miezi mitatu ya kunificha.

KUKOSA KUFULI SI RUHUSA YA KUGAWA

Mwanafunzi mmoja aliniona nacheza dukani, akaniambia, “Dada, niwekee kwenye flashi, nakupa buku mbili.” Mimi kazi yangu ni kopi, najua majaribu haya. Nilimkatalia. Faili lisilo na kufuli ni la mnunuzi na nyumba yake, si la kufungulia biashara. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Na zaidi ya sheria, muuzaji amekuamini, hajakuwekea mlinzi mlangoni. Ukimwibia huyo, kesho unamlaumu nani akirudisha makufuli?

KABLA HAMJALIPA, KAENI MKUBALIANE

1. Bei na bando vihesabiwe pamoja. Gemu ya dola 5 yenye gigabaiti 60 si ya dola 5.

2. Soma maelezo ya gemu yenyewe, si jina la duka tu. Tafuta maneno yanayosema kama inahitaji intaneti, akaunti ya pili au programu nyingine.

3. Ukishanunua isiyo na kufuli, pakua faili na ulihifadhi sehemu mbili. Faili lililobaki dukani hulimiliki bado. Akaunti inaweza kupotea.

4. Jaribu siku hiyohiyo ukiwa umezima mtandao. Kama kuna shida, dai pesa yako kabla muda haujapita.

5. Pesa ya starehe iwe na fungu lake, na wote wawili mlijue. Mwenzako akicheza gemu usimdharau, mtu anahitaji kupumzika. Lakini starehe ya kuiba kwenye ada ya mtoto si starehe.

Kibubu chetu kipya tulikinunua Msamvu. Ni cha bati, kina sehemu ya makufuli mawili. Funguo moja ninayo mimi, nyingine anayo Baba Junior, na hakifunguki mpaka tukae wote. Yeye ndiye aliyetoa wazo hilo.