Fahamu: Madini ya lishe na tiba ya sumu ya risasi

Tiba ya kelesheni hutumia dawa zinazoshikamana na risasi iliyo mwilini ili itoke kwa mkojo. Baadhi yake, hasa EDTA, huondoa pia zinki. Vidonge vya lishe haviwezi kushika nafasi ya dawa hizo, ila mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri chuma na kalsiamu kwa watoto wasiovipata vya kutosha. Dimakaproli, mojawapo ya dawa za kelesheni, haitolewi pamoja na chuma, kwani viwili hivyo hufanya mchanganyiko wenye sumu.

Chuma chenyewe kinataka uangalifu mkubwa, na ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Pemba, wakati malaria ikiwa imeenea kisiwani. Katika utafiti huko, watoto wenye umri wa miezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku. Agosti 2003 ugawaji ulisitishwa kabla ya wakati: hatari ya kulazwa au kufariki ilikuwa imepanda kwa asilimia 12. Hata hivyo, katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria, watoto waliopungukiwa chuma na damu walinufaika. Ndiyo sababu vipimo hutangulia vidonge: risasi, chuma, na penye malaria, vimelea vyake.