Usitafute kiti tu maktabani

Mzazi akishalipa karo hudhani kazi imekwisha. Lakini hebu mwulize mwanao: amewahi kumwomba mkutubi msaada?

Wanafunzi wengi huingia maktabani na madaftari yao, wakitafuta kiti tu. Hawajui kwamba tangu 2003 maktaba za vyuo vikuu nchini huchangia pamoja, kupitia muungano wa KLISC, gharama ya majarida ya utafiti yanayosomwa kwa kompyuta. Makala ambayo ingemmalizia mwanafunzi pesa za chakula huisoma bila malipo, kwa kuwa chuo kimekwisha kulipa. Mhadhiri vivyo hivyo.

Wakutubi hufundisha wanafunzi wapya namna ya kuyatafuta. Somo hilo halina mtihani, ndiyo sababu wengi hulihepa. Majuto huja mwaka wa mwisho, utafiti ukidaiwa.