Sina Kadi ya Chama, Lakini Nina Kura

“Wewe, Mama, ni wa chama gani?”

Swali hili niliulizwa na mwenzangu tulipokuwa tukichambua mchele msibani. Nilipomjibu kwamba sina chama, alicheka na kusema, “Basi huna msimamo!”

Je, ni kweli kwamba mama asiye na kadi ya chama hana msimamo? La hasha! Hebu tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Kadi ipi inatakiwa?

Tanzania ilirudi katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ulifanyika Oktoba 1995. Katiba yetu humtaka anayegombea ubunge au urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilikubaliana naye. Hata hivyo, chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea binafsi.

Lakini sharti hilo ni la mgombea. Mpiga kura hadaiwi kadi ya chama. Anatakiwa awe raia, awe ametimiza miaka 18, na awe amejiandikisha.

Uchumi umo jikoni

Akina mama wengi husema, “Mambo ya uchumi ni ya wasomi.” Mimi niliyajua nikiwa bado mtoto. Mwaka 1993 serikali ilianza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama katika hospitali zake. Baba yangu alikuwa na kadi ya chama, akiitunza sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Mdogo wangu wa miaka tisa alipopatwa na homa kali, kadi ile haikununua dawa. Mama aliuza majogoo wawili, na mtoto akapona. Tangu hapo nilielewa kwamba neno linalosemwa bungeni huweza kufika hadi bandani kwa kuku wetu.

Baadaye nilisomea uuguzi, nikauona upande wa pili. Nimesimama mbele ya kabati lisilo na dawa kwa sababu fedha hakuna. Nimesimama pia mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni, asiye na hata senti. Wote wawili wanadai jibu, na jibu rahisi halipo.

Kwa hiyo siwezi kusema chama fulani ni kizuri kwa kila jambo au kibaya kwa kila jambo. Chama kilichokuwa madarakani michango ile ilipoanza ndicho kilichokuwa madarakani mwaka 2001, ada ya shule za msingi ilipofutwa. La kwanza lilituumiza, la pili lilitupunguzia mzigo. Mwenye macho huru huyaona yote mawili.

Kumbuka pia tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021. Tuliambiwa fedha zitajenga vituo vya afya na madarasa. Mimi muuguzi nitakataaje kituo cha afya? Lakini mjane aliyetumiwa fedha kidogo na mwanawe alikatwa pia. Watu wa vyama vyote walilalamika, na mwaka huohuo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Waliosema walisikika.

Maswali matatu ya kumwuliza mgombea

1. Fedha zitatoka wapi? Kila “bure” ina mlipaji. Asiyeweza kueleza fedha zitakotoka anatuimbia tu.

2. Nani ataumia zaidi? Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998, hutozwa kwa kiwango kilekile kwenye sabuni ya tajiri na ya maskini. Lakini sehemu inayobaki mfukoni mwa kila mmoja si sawa.

3. Mara iliyopita uliahidi nini, na kimefanyika nini? Andika ahadi zao katika daftari lako la matumizi. Miaka mitano ni mirefu, na sisi ni wepisi wa kusahau.

Tahadhari kwa mama

Usiuze kura yako kwa khanga au kilo ya sukari. Sukari huisha wiki ileile, na khanga hupauka kabla ya miaka mitano kwisha. Usimpe mtu yeyote kadi yako ya mpiga kura akutunzie. Na kama wewe na baba watoto mna maoni tofauti, msigombane mbele ya watoto. Zungumzeni kwa heshima, kisha kila mmoja aende na dhamiri yake. Kura ni siri, hata kwa wanaolala nyumba moja.

Sisemi kuwa na kadi ya chama ni kosa. Wako wanachama waaminifu wanaokisahihisha chama chao kutoka ndani, na tunawahitaji. Ninachosema ni kwamba kadi isifikiri badala yako.

Yule mwenzangu aliniuliza tena, “Sasa utampigia nani?”

Nikamjibu, “Bado nasikiliza.”

Akanyamaza kidogo, akatupa punje ya mchawi nje ya ungo, kisha akasema, “Hayo maswali matatu, hebu nirudie.”