Kujaribu Programu Mpya ya Taa

Taa za jukwaani huongozwa na kompyuta kwa utaratibu uitwao DMX512, uliotungwa Marekani mwaka 1986. Waya mmoja hubeba njia 512, na kila njia hupokea namba kuanzia 0 hadi 255. Kwa taa ya kawaida, 0 ni giza na 255 ni mwanga kamili.

QLC+ ni programu ya bure ya kazi hiyo kwenye Linux. Ikifungashwa upya, ijaribuni kwanza kwa taa moja: iwasheni, ipunguzeni, izimeni. Asiwepo mtu juu ya ngazi, kwani taa yenye mota huweza kugeuka ghafla. Tena, kuzima kwa programu si kukata umeme.

Kasoro ikitokea, waandikieni waliofungasha: toleo gani, mlifanya nini, kukatokea nini. Kasoro iliyofichwa leo humwumiza mwenzetu kesho.